Kozi wa Dohani

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
kwa muda wa saa nne damu yangu hutoka nje kutembea.
Huzunguka kwenye mipira, hupenya chujio,
hurudi mwilini na baridi ya Bradford.

Mimi nakaa. Mkono wa kushoto si wangu.
Wa kulia umeshika darubini ya Bwana Ackroyd,
fundi mabasi mstaafu, kiti cha dirishani,
ambaye macho yake yameingia ukungu.
Kazi ya kutazama amenipa mimi,
yeye atasikiliza.
Jina langu, Mwanahamisi, limemshinda.
Ananiita Hemishi,
jina la mwanamume wa Uskoti, la mtu mwenye ndevu,
na mwezi wa tano huu naitika.

"Haya, Hemishi. Yuko?"

Yuko.
Juu ya dohani ya kiwanda cha sufu
kilichonyamaza kabla sijafika nchi hii,
penye ufa, tofali la tatu kutoka ukingoni,
kozi jike amejikunyata,
mgongo rangi ya vigae vilivyolowa mvua,
kifua kimepigwa mistari kama daftari la hesabu,
masharubu meusi mashavuni.
Hapo Bwana Ackroyd hucheka:
"Shangazi yangu Edna, huyo."

Chini, mji hauna habari.
Watu wamepanga foleni ya samosa,
basi linahema kupanda kilima,
njiwa wanatembea wakitikisa vichwa
kama makarani mbele ya bosi.

Halafu ukingo ni mtupu.
"Ameruka."
"Wapi?"
Sina neno, na ningekuwa nalo lingechelewa.
Jiwe lililojirusha lenyewe.
Kisha manyoya, meupe, mengi,
yanashuka juu ya paa la maegesho bila haraka,
theluji iliyokosea mwezi.
"Amepata," nasema.
"Safi," anasema mzee, anafumba macho,
anameza mate.

Siku nyingine hapati.
Siku nyingine hajaribu hata; njiwa wanapita
chini ya kucha zake, naye anatazama vilima.
Na mimi niliyepimiwa maji kwa kikombe,
niliyekatazwa ndizi, viazi, machungwa,
nikamtolea mzee maneno ya kwetu:
kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda.
Akataka nirudie. Akayatafuna.
Yakamtoka na grisi ya gereji.
Nesi Shabnam, aliyekuja kunyamazisha mashine,
akauliza ni nani huyo anayependa njaa.
"Sisi," akasema Ackroyd. "Sisi na yule ndege."

Uongo. Usiku naota madafu.

Mei, vifaranga watatu.
Juni, siku ya upepo, nikahesabu kwa sauti:
mmoja, wawili,
nikakohoa.
"Na wa tatu?"
"Yuko nyuma ya mama yake."
Akaridhika. Nilidhani ameridhika.

Jumatano moja kiti cha dirishani kina shuka jipya.
Katika wodi hii tumejifunza
kutokiuliza kiti swali.
Nikatazama dari. Nikahesabu matundu ya dari.
Saa nzima ilipita ndipo Shabnam akanijia
na mfuko wa plastiki: darubini, na karatasi
yenye mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika spana ngapi zimepotea.

Simu ililia saa nane usiku.
Wamepata figo. Sijui ya nani,
sitaki kujua barabara gani.
Endelea kuhesabu, Hemishi.
Na usinikoholee tena.
Masikio yangu hayana ukungu.

Naweka darubini machoni: mji wote moshi.
Gurudumu la katikati limesogezwa.
Kumbe alijaribu mwenyewe,
sijui lini, labda nilipolala.
Nalizungusha kwa kidole kimoja, polepole,
tofali la kwanza, la pili,
ufa.

Wawili.
Mmoja amesimama ukingoni kabisa,
anapigapiga mbawa, hajaachia tofali.